Nani Anakwenda?

Kalunde mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi umeniamkia nikaitika, na hali yangu unaijua: goti la kulia linasumbua, mengine yote ni mazima. Wewe na mama yako mmekwenda mjini kumuaga bibi yako, nami nimefunga mashine mapema. Watu wamekuja na ndoo zao za mahindi wakakuta kimya, na kila aliyefika ameniuliza kwa sauti ya chini nani ametutoka. Si kosa lao. Hapa Ntalikwa mashine yangu ikinyamaza mchana, watu hujua kuna msiba. Nimewajibu kwamba hajafa mtu, binti yangu anasafiri kesho. Mama mmoja wa kule bondeni amecheka, akasema basi ni yale yale, akajitwika ndoo yake akaondoka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo nimekaa kwenye benchi la wateja, vumbi la unga limetulia, na ninaogopa. Nakuandikia kwa sababu kesho kituoni nitajifanya mwanamume. Nitabeba begi lako kubwa kwa bega moja, nitataniana na wapagazi, nitamwambia mama yako aache kulia mbele za watu. Usinisadiki hata kidogo.

Mambo ya chakula, mavazi, kanisa la kusali na watu wa kukaa nao mbali mama yako amekwisha kukwambia, na kesho atayarudia kwa kupiga kelele dirishani mpaka treni iondoke. Hapo sina la kuongeza. Langu ni moja. Kwenye ile programu ya misiba uliyotutengenezea, ukifungua familia yetu, kila jina la ndugu aliye mbali lina swali mbele yake mpaka lijibiwe: Nani anakwenda? Mbele ya jina la kaka yako wa Usinge pameandikwa mtu. Mbele ya shangazi yako pameandikwa mtu. Mbele ya jina lako, tangu ulipofuta Ntalikwa ukaandika Dar es Salaam, pako wazi. Maana yake unaijua kuliko mimi, uliiweka mwenyewe: siku mmoja wetu huku akifumba macho, nani atakwenda kukwambia? Nimekuwa nikipafungua hapo kila siku, napakodolea macho, halafu nazima simu.

Tangu ulipopata tiketi sina raha. Juzi jirani yetu Maganga alikuja akikokota baiskeli. Alishuka mbali, kule kwenye mkorosho, akaja taratibu ameinamisha kichwa, akafika akaomba maji. Nilikaa chini palepale kwenye unga. Aliniuliza kama naumwa. Kumbe tairi lake la mbele lilikuwa na pancha, na alikuwa anatazama njia ili asikanyage miiba. Mama yako alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema mchawi amekutana na dawa yake.

Ni kweli, dawa ni yangu. Wewe umekua ukiniona nikitoka na baiskeli kila kukitokea kifo, na sidhani nimewahi kukueleza ninafanya nini nikifika. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo lililozaa mengine. Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kuzikana kabla hujazaliwa. Kazi ya katibu watu hudhani ni kuandika majina na kukusanya michango. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kwenda kumwambia mtu kwamba mama yake amekufa, na kumwambia namna ambayo yeye mwenyewe ataamka kesho yake.

Sikuipenda. Niliingia humo kwa sababu ya jinsi nilivyoambiwa mimi. Nilikuwa kijana, nipo Urambo kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, nachochea kuni usiku na mchana, ikaja habari kwa dereva wa lori: njoo nyumbani, baba anaumwa. Ilikuwa ndiyo desturi na bado ndiyo desturi ya wengi. Mtu wa mbali haambiwi amefiwa, anaambiwa mgonjwa amezidiwa, ili asafiri akiwa na nguvu. Mimi nilisadiki. Nikapita duka la dawa, nikaeleza kikohozi cha baba, nikapewa chupa. Njia nzima niliishika mkononi nisiivunje. Nilipofika uani nilikuta watu wamenyolewa nywele, na kila mtu akatazama ile chupa. Hakuna aliyetazama uso wangu. Baba alikuwa na siku zake kaburini. Mpaka leo sijui ile chupa nilimpa nani, lakini najua nilivyowachukia wote waliokuwepo, hata mama yangu, kwa kuniacha nije na matumaini yangu yote halafu yamwagike pale mbele za watu.

Nikaapa sitamdanganya mtu. Ukatibu niliupokea kwa ajili hiyo. Nikawa naendesha baiskeli mpaka karibu na nyumba, nashuka mbali ili mtu anione nakuja na moyo wake uanze kujiandaa wenyewe. Nasalimia salamu zote, za kwao na watoto na mifugo na shamba. Naomba maji. Maji siyahitaji, lakini anayekwenda kunichotea atarudi, na akirudi atakaa. Ikiwa kuna sufuria motoni, naomba iepuliwe. Ikiwa yuko peke yake, nasema nimepita kumsalimia, naondoka, natafuta jirani, tunarudi wawili. Halafu nasema, kwa maneno machache, bila kuzunguka. Namba ya simu ya mtu sikuhitaji kuijua kwa kazi hiyo.

Sasa tazama nilichokufanyia. Mwaka ule wa mvua nyingi, ulipomaliza chuo ukawa unangoja kazi, niliingia usiku nimelowa, goti limevimba, nimetoka kwenye nyumba ya mbali ambayo wenyewe hawakuwepo. Ulinivua viatu. Ulisema, baba, hii kazi simu inaweza kuifanya wakati wewe umelala. Ukaanza kunihoji. Nani anaambiwa? Kwa utaratibu gani? Ndugu wa karibu ni nani na nani? Nilikujibu vizuri. Nilikupa majina ya kikundi kizima na ndugu zao wote, mpaka wa Ulyankulu na Igalula. Hukuniuliza nikifika nafanya nini, na mimi sikukwambia. Nilidhani ni tabia yangu tu, kama mtu anayepiga chafya mara mbili mbili. Na sikatai, nilikuwa nimechoka. Na nilifurahi pia, mwanangu. Nilifikiri: hii haitamdanganya mtu. Haitasema baba anaumwa. Itasema kweli na itafika leo leo, na hakuna kijana atakayesafiri na chupa ya dawa.

Ndipo nikaipigia debe kwenye mkutano kama mgombea. Wazee waliguna, nikawatania kwamba wanaogopa simu kuliko wanavyoogopa kufa. Binti yangu ameitengeneza, nilisema, na nikaisema hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku aliyofariki Bibi Milembe unaikumbuka, lakini ulikuwa mjini asubuhi ile, kwa hiyo hukuona mkono wangu. Walikuja kuniambia nikiwa nasaga. Nikazima mashine. Nikafungua programu, nikaandika jina lake, na kile kitufe chekundu kilichoandikwa Tuma nikakibonyeza kwa kidole chenye unga. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua kamba ya baiskeli. Ujumbe ukaenda kwa wanakikundi wote na kwa ndugu wote, akiwemo Mama Pendo, binti yake wa pekee, aliyeolewa Igalula. Mbele ya kila jina kikatokea kile kialama cha kijani ulichokiweka na neno lake: Imefika. Nikamwonyesha mwenyekiti. Mbele ya jina la Mama Pendo, Imefika. Nilisimama pale nikijiona mtu wa maana sana, na marehemu hajaoshwa.

Mchana Mama Pendo hajatokea. Tukapiga simu, inaita, haipokelewi. Alasiri watu wakaanza kunitazama. Ulipofika kutoka mjini ulinikuta nimesimama njiani natazama upande wa reli, na nakumbuka swali lako lilikuwa kama ujumbe umefika. Nilikujibu kwamba umefika. Wewe ulishusha pumzi. Mimi nilikwambia tukatafute pikipiki, kwa sababu kwa miaka yote ile sikuwahi kusema habari imefika kabla sijaona mtu ameketi.

Tuliazima pikipiki ya Maganga. Pale kituoni Igalula, anapouza karanga, wanawake wenzake walituambia, na mpaka leo nayakumbuka maneno yao. Meseji iliingia kwenye kitochi cha Mama Pendo wakati treni ya kuja Tabora imesimama. Mikono yake ilikuwa na karanga na maandishi yale madogo hayaoni vizuri, akampa simu abiria mmoja dirishani amsomee, akidhani ni habari za mtoto wake shuleni. Yule abiria, kwa sababu ya makelele, alisoma kwa sauti kubwa. Alifika kwenye jina la marehemu ndipo akaelewa anachokisoma. Treni ikaanza kuondoka. Akamrudishia simu kwa kunyoosha mkono, na yule mama akaipokea akiwa anatembea sambamba na behewa, na yule abiria akimwambia pole, pole mama, mpaka hakusikika tena. Treni hiyo ilikuwa inakuja huku kwetu. Angeweza kuipanda. Walisema aliweka beseni lake chini, hakulia, hakusema neno na mtu, akaifuata reli kwa miguu.

Tulirudi kwa njia ya pembeni mwa reli, mimi naendesha na wewe nyuma yangu umenishika koti. Nilisikia meno yako yakigongana mgongoni kwangu na jua lilikuwa bado linawaka. Nilikuwa nikiomba. Sitakuficha nilichokuwa nikiomba: kwamba treni ya mizigo isipite. Kila nilipoona kitu cheusi kwenye tuta nilipunguza mwendo, na kila mara ilikuwa gogo au ng'ombe. Sijawahi kuogopa namna ile, wala siku ile ya chupa.

Tulimkuta jua likishuka, ameketi juu ya mataruma ya zamani yaliyorundikwa kando ya reli, ndala amezivua ameziweka sawasawa pembeni, simu mkononi. Wewe ulitaka kuruka ukamkimbilie ukamwombe radhi. Nilikushika kifundo cha mkono, nadhani nilikuumiza. Nikazima pikipiki mbali, nikashuka, nikaikokota. Nikamsalimia kwa Kinyamwezi, akaitika. Nikamuuliza hali, na watoto, na mume, na shamba, akajibu vyote kwa utaratibu, mtu aliyekauka midomo. Maji ya kuniletea hakuwa nayo, basi wewe ukatoa chupa yako ukampa, akanywa. Hapo ndipo alipoinua ile simu.

"Simu imesema," aliniambia. "Mtu hajasema. Nimekaa hapa nangoja mtu."

Nikakaa naye juu ya yale mataruma. Nikamwambia, "Mama Pendo, mama yetu ametutoka leo asubuhi. Alikuwa na watu. Hakuteseka."

Ndipo akalia. Alinilalia begani akalia, na mimi nilihisi kitu ambacho naona haya kukiandika, nilihisi nafuu. Nikageuka nikakuona wewe umesimama kwenye majani, mikono kichwani. Tulirudi watatu kwenye pikipiki moja, yeye katikati, na mazishi yakangojea kesho yake ili apate kumwona mama yake.

Ulijifungia chumbani. Ulisema utaifuta, hutagusa tena kompyuta, utanisaidia mashine. Mama yako alikuletea chakula akakirudisha. Mimi nilikuwa nje ya mlango, na nilikosea tena, maana nilikwambia si kosa lako, ni bahati mbaya. Ulijibu kutoka ndani, "Baba, mimi nilidhani habari ni maneno." Hata mimi, niliyeifanya kazi hiyo nywele zikaota mvi, nilikuwa nimelidhani hilo hilo kwa dakika moja nikiwa na kidole chenye unga.

Kisha ulifanya jambo ambalo sijakusifia vya kutosha. Hukuifuta. Kilipotokea kifo kingine uliomba twende wote. Ukanifuata kwa baiskeli ya mama yako mvua kwa jua, masika yote, ukikaa nyuma bila kusema. Ile nyumba ya bondeni tuliyofika tukamkuta mama peke yake anakoroga uji, nikasalimia nikaaga, ulinishangaa njiani. Nilikwambia hana wa kumshika. Tukarudi na jirani yake. Jioni ile ulifungua kompyuta.

Kile kitufe chekundu kikaondoka. Sasa kukitokea msiba, programu haimwambii mfiwa chochote. Inatafuta mwanakikundi aliye karibu naye, inamuuliza, Nani anakwenda? na inaendelea kuuliza mpaka mtu mmoja aandike jina lake; kwa ndugu walio mbali inauliza mapema, kabla ya msiba. Wengine wote hawapati taarifa kabla aliyekwenda hajarudi kusema ameketi naye. Mwaka jana, misiba miwili ilipogongana siku moja, watu wawili walikwenda pande mbili kwa wakati mmoja, na wote walifika kabla mimi sijamaliza kujaza upepo. Goti langu linakushukuru. Na mimi peke yangu nisingeweza kulifikiria, ningebaki na baiskeli yangu na ubishi wangu.

Sasa unakwenda. Uliponiambia kazi yenyewe ni kutengeneza programu ya kupeleka majibu ya vipimo vya hospitali kwenye simu za watu, niliweka kijiko chini, mama yako akadhani chakula hakina chumvi. Sikusema kitu kwa sababu ulikuwa na furaha na mimi sijui lolote la huko. Huenda wana njia zao nzuri. Huenda ni wewe utakayewapa njia. Lakini naogopa, Kalunde. Hapa tulikuwa na Mama Pendo mmoja na pikipiki ya kuazima na njia moja ya reli ya kumtafuta. Huko utakuwa na watu usiowajua majina, na kialama cha kijani kitakuwa kinawaka mbele ya kila mmoja wao, na hakuna atakayekwambia nani anasomewa na abiria dirishani. Sikupi amri. Nakuomba tu usije ukalizoea lile neno, Imefika. Mimi nililizoea kwa asubuhi moja.

Na naogopa kwa ajili yangu. Hili ndilo nililokaa hapa kulisema, nikazunguka kote huko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi uchungu wenyewe naujua kwa namna zake zote, kwa sababu nimewapelekea watu. Nani ataniletea mimi uchungu wako? Hila zote ninazijua. Mtu akishuka mbali, nitajua. Akiomba maji, nitajua. Akiniuliza habari za mashine kwa upole kuliko kawaida, nitajua kabla hajamaliza. Hakuna njia ya kunijia ambayo sijaitumia kwa mwingine. Kwa hiyo huko utafute mtu mmoja, mama mwenye nyumba au mwenzako wa kwaya, umpe jina la mchungaji wetu, umwambie likitokea lolote azungumze na mchungaji na mchungaji aje kwa miguu. Asinianze mimi, wala asimwanze mama yako. Atukute pamoja. Na mwambie asijisumbue na salamu za mifugo. Aje tu akae.

Nilisema pako wazi mbele ya jina lako; pamekuwa hivyo mpaka leo. Jumapili iliyopita, mlipodhani nimekwenda kutafuta mkanda wa mashine, nilipanda pikipiki nikaenda Igalula. Nilimwona Mama Pendo kwa mbali kwenye jukwaa la kituo, beseni kichwani. Na yeye akaniona. Akatua beseni, akaketi chini, akafumba macho. Mwanangu, nilisahau mimi ni nani. Ilinibidi nipaze sauti kituo kizima kinisikie kwamba hakuna kitu, ni salamu tu, salamu tu, mama. Alifumbua macho, akacheka, akalia kidogo, akaniambia siku nyingine nije nikiimba.

Nikamweleza unakwenda wapi na kazi gani. Nikamwambia huko hatuna ndugu, na kwamba nikifa mimi au mama yako, sitaki upigiwe simu, na sitaki uambiwe baba anaumwa ukaja na chupa mkononi. Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa nataka ushauri, maana yeye anawajua watu wa treni. Alichambua karanga zake kwa muda mrefu bila kunitazama.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Yeye alikuja mpaka kwenye reli. Nitapanda treni."

Halafu akauliza kama chumba chako cha huko kina viti. Nilisema sijui, vijana wa siku hizi hukaa kitandani. Akasema nikwambie ununue viti viwili, kwa sababu hatakwambia ukiwa umesimama.

Nimeliandika jina lake leo, hapa kwenye benchi, kabla ya kuanza barua hii. Programu imekubali. Swali limetoweka.

Kesho treni ikisimama Igalula atakuja dirishani kwako na karanga. Ni za safari tu, kula. Usimuulize kitu. Na siku moja, Mungu aiweke mbali, ukimwona mlangoni kwako bila taarifa, usiogope kumkaribisha. Msalimie zote. Mpe maji. Na ukae, mama, ukae kabisa, umwachie aseme.

Kabla ya siku hiyo, simu ikilia ukaona jina langu, pokea bila hofu. Nitakuwa nakusalimia tu.

Baba yako.